Visanduku Vidogo

Muuguzi, visanduku vya fomu yako ni vidogo.
Umeuliza: Je, mgonjwa hulala vizuri?
Ndiyo. La. Mara chache.
Niandike wapi kwamba hulala kama anayelinda,
viatu miguuni, mgongo ukutani,
mkono mmoja chini ya godoro
ambako siku hizi hakuna kitu ila tochi?

Sisi tunakaa nje ya Bungoma, upande wa Nzoia.
Miwa imetuzunguka hadi kizingitini.
Kabla ya kuvuna huichoma, unajua,
na miwa ikishika moto hupasuka:
pa, pa-pa, pa.
Watoto wa jirani hukimbilia kuona panya wakitoka.
Wekulo wangu hulala kifudifudi kwenye kunde
na kuniita kwa jina la mwanamume aliyekufa.
Lekishon. Lekishon, inama.

Nami huinama.
Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Hilo litie palipoandikwa Mambo ya Hatari.
Tia na kiinua mgongo
kilichochelewa miezi kumi na tisa, kikaja nusu,
kisichoinua hata shingo.
Karani alimwambia, "Mzee, rudi Jumatatu,"
mtu wa miaka thelathini na nane.
Tia busaa ya mkopo.
Tia shemeji zake dada yake alikoolewa,
wanaosema jeshi lilimrudisha bila kichwa,
huku midomo yao imejaa maharagwe yake.
Tia kwamba siku ya Mashujaa chifu humtaka avae medali,
kesho yake humtaka anyamaze.

Usiandike mapepo.
Pasta alishaandika.

Haya, chini hapa umeandika Kinga.
Mwalimu wetu alitufunza kwamba kinga na kinga
ndipo moto uwakapo.
Moto mimi siutaki. Nataka kinga ile nyingine,
ya mtu kusimama mbele ya mwenzake.
Na umeniachia mstari mmoja!
Lete karatasi.

Yupo Mulwa wa kikosi chake, anaishi Kitui.
Kila Alhamisi, saa tatu za usiku, simu inalia.
Hawasemi la maana:
mvua, bei ya ndengu, goti la Mulwa.
Dakika arobaini za goti.
Usiku huo Wekulo hulala hadi jogoo wa pili.

Yupo ng'ombe, hakubali kukamuliwa na mwingine.
Alfajiri humnong'oneza mambo
ambayo mimi mkewe sijaambiwa.
Mwanzoni nilimwonea wivu ng'ombe.
Sasa namnunulia chumvi.

Yupo Nasambu, binti yetu, darasa la tatu.
Hamgusi babake begani kutoka nyuma.
Husimama hatua nne, akapiga makofi mawili,
"Baba, ni mimi, nakuja upande wa kushoto."
Hakufundishwa na yeyote.
Sijui kama hilo ni kinga au ni hatari.
Liandike katikati.

Na msimamizi wa mashamba, Mukhebi, nilimfuata ofisini
na matope yangu ya palizi hadi magotini.
Nikamwambia, sikuombi pesa, nakuomba habari.
Siku hizi hutuma ujumbe:
Kesho tunachoma, shamba namba saba.
Basi tunafunga nyumba, tunashika njia ya Kanduyi,
sote watatu, tunakunywa soda polepole sana,
tunarudi jioni masizi yakianguka
juu ya nguo nilizosahau kuanua.

Mwezi wa pili alisahau kutuma.
Ndiyo maana tuko hapa.

Wekulo yuko nje, benchi la karibu na lango.
Ameshahesabu milango yenu: mitatu, mmoja una kufuli.
Amenituma nikuulize
kama dirisha hilo la nyuma yako hufunguka.
Lijibu hilo kwanza.
Ukilijibu, ataingia.